Mto Chwele na Kambare Wake

Msafiri atokaye mjini Bungoma na kushika njia ya kaskazini hufika Chwele kabla hajachoka. Njia hupanda polepole kati ya mashamba ya miwa na mahindi, na mbele yake Mlima Elgon hujitandaza upeo wote wa macho. Mlima huu haukuchongoka kama Mlima Kenya. Ni mpana na mzito, na mara nyingi kichwa chake kimefunikwa na wingu. Kilele chake kirefu kabisa, kiitwacho Wagagai, kiko upande wa Uganda, nacho kina mita 4,321 juu ya bahari. Atokaye Kitale naye huuzunguka ubavu wa mlima, akapita Kimilili, na mwisho akafika Chwele vilevile.

Sifa ya Chwele ni soko lake. Siku ya soko, watu hutoka Bungoma, Kitale na hata mbali zaidi, kuja kununua vitunguu, kabichi, nyanya, ndizi, maharagwe na kuku. Samaki pia wapo: omena wakavu, ngege waliokaangwa, na kambare waliokaushwa kwa moshi, weusi, wamekunjwa mkia ukigusa kichwa. Mnunuzi huuliza bei, hulalamika kidogo, kisha hulipa na kwenda zake. Ni wachache wanaotua darajani kutazama maji yapitayo chini. Hata hivyo, katika mito ya Chwele na Kuywa, ambayo maji yake hutoka Elgon na kuishia katika mto Nzoia, wamo viumbe ambao mtaalamu wa ng'ambo angesafiri siku nyingi ili kuwaona. Hao ndio ninaotaka kuwaeleza wasomaji, kwa sababu uhai wao umo mikononi mwa mkulima wa Chwele, naye huenda hana habari.

UKOO MKUBWA WA SAMAKI WENYE SHARUBU

Wenye elimu ya viumbe huwaweka kambare na jamaa zake wote katika ukoo mmoja. Alama zao ni nyepesi kuzitambua. Hawana magamba kama ngege. Ngozi yao ni tupu na yenye utelezi, ingawa wako wachache waliovikwa mabamba magumu ya mfupa. Wengi wana sharubu ndefu kandokando ya mdomo. Sharubu hizo si pambo. Kwa hizo samaki hupapasa na kuonja, hata katika maji ya tope au usiku wa giza hujua chakula kiko wapi.

Ukoo huu una aina zaidi ya 3,000 duniani, na yapata nusu yake huishi katika mito ya Amerika ya Kati na ya Kusini, hasa katika bonde kuu la mto Amazon. Sisi Afrika tuna fungu letu zuri. Ziwani Viktoria kuna yule mkubwa ambaye Wajaluo humwita sewu. Kuna sire, mwembamba na mwenye rangi ya fedha. Na kuna okoko, mwenye miiba mikali ambayo humchoma mvuvi asiye mwangalifu. Na juu ya wote kwa sifa yuko kambare mwenyewe, ambaye wavuvi wengi wa ziwa humwita mumi.

SAMAKI AVUTAYE HEWA

Jina la kambare kwa wataalamu ni Clarias gariepinus. Jina hilo la pili latokana na Gariep, mto mkubwa wa Afrika ya Kusini ambao wengine huuita Orange, maana kambare wa huko ndiye aliyeandikwa kwanza na William Burchell, mwaka 1822. Kwa miaka mingi kambare wa Afrika Mashariki alidhaniwa kuwa aina nyingine, akaitwa kwa jina la Msumbiji. Ni katika miaka ya 1980 ndipo mtaalamu Teugels alipowalinganisha kwa makini na kuonyesha kuwa ni samaki mmoja, aliyeenea tangu kusini mwa Afrika hata mto Nile.

Kuenea huko kuna sababu yake. Juu ya matamvua yake kambare ana kiungo chenye matawi madogo kama kichaka, chenye damu nyingi, na kwa kiungo hicho huvuta hewa hii hii tuivutayo sisi. Mtu akikaa kimya kando ya kidimbwi chenye kambare atawaona wakipanda juu mmoja mmoja, wakimeza hewa na kurudi chini. Ndiyo maana kambare huweza kuishi katika maji yaliyooza ambamo ngege angekufa kwa saa chache. Kijito kikikauka, hujizika topeni na kungoja. Na usiku wa mvua huweza kutoka majini kabisa, akajikongoja juu ya nyasi kwa miiba ya mapezi yake ya kifuani, akijipinda kama nyoka, mpaka afike kwenye maji mengine. Mtu akikutana naye njiani usiku asidhani ameona jini.

Mvua ndefu zinapoanza na mito kufurika, kambare huingia katika nyasi zilizofunikwa na maji mapya. Huko jike hutaga mayai makumi ya maelfu, nayo hunata kwenye majani. Wazazi hawakai kuyalinda. Huenda zao usiku uleule. Kwa muda wa siku moja au mbili hivi vifaranga huanguliwa, na mafuriko yakirudi nyuma hawana budi kurudi nayo mtoni. Wengi huachwa katika vidimbwi, wakawa chakula cha ndege.

SAMAKI WA MAWE

Lakini tukiufuata mto kuelekea mlimani, mambo hubadilika. Maji huwa baridi na ya kasi, yakirukaruka juu ya mawe. Kambare mkubwa hapendi mahali hapa. Mtu angedhani kuwa hamna samaki, maana akitazama haoni kitu ila povu. Naye akigeuza mawe taratibu, na kitambaa au chujio likiwa tayari upande wa chini, huenda akawaona.

Mmoja ni kambare wa milimani, wa jamii ya Amphilius. Ni mdogo, mwenye madoa ya hudhurungi yafananayo na mawe yenyewe. Tumbo lake ni bapa, na mapezi yake ya mbele ni mapana. Huyakandamiza juu ya jiwe akakaa imara, hata maji yapite juu yake kwa nguvu. Chakula chake ni wadudu wadogo waishio chini ya mawe. Wa pili ni mdogo zaidi, hafikii sentimeta kumi, nao huitwa Chiloglanis. Midomo yake na sharubu zake zimeungana zikawa kama kisahani kizunguke kinywa. Kwa kisahani hicho hujibandika juu ya jiwe, na huku akikwangua ukoga na wadudu kwa meno yake. Aina ya mito yetu iingiayo Ziwa Viktoria upande wa Kenya ilipewa jina Chiloglanis somereni na P. J. P. Whitehead mwaka 1958. Ni samaki wa mito hii yetu, wala hana makao mengi mengine duniani.

Hawa hawauzwi sokoni. Hawashibishi mtoto. Labda msomaji atauliza: basi wana faida gani? Jibu litakuja, kwanza twende ng'ambo kidogo.

JAMAA ZAO WA AMERIKA

Katika mito iteremkayo milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, kuna jamii ya samaki wa ukoo huu yenye aina zaidi ya 900. Miili yao imevikwa mabamba ya mfupa kama askari wa zamani aliyevaa deraya, na vinywa vyao viko chini, vimeumbwa kama kisahani cha kunyonyea. Hujibandika juu ya mawe na magogo, wakikwangua ukoga. Na wako hata wanaokwangua na kumeza mbao. Maji yakikosa hewa, wengi wao humeza hewa na kuivutia damuni kwa njia ya tumbo, badala ya kiungo cha kichwani kama cha kambare wetu.

Ajabu ni hii: samaki hao wa Andes na yule Chiloglanis wetu hawakurithi kisahani hicho kwa babu mmoja. Bara la Afrika na Amerika ya Kusini ziliachana yapata miaka milioni 100 iliyopita, na kila upande ulitengeneza kisahani chake peke yake. Mto wa kasi ulitaka samaki ajuaye kushika jiwe, na huku na huku alipatikana. Kama seremala wawili wasiojuana, mmoja Lamu na mmoja Kigoma, kila mmoja hutengeneza mtumbwi wenye ncha mbele. Si kwamba walifundishana, bali maji ni yale yale.

Amerika wako wengine wa kustaajabisha. Yuko mmoja mdogo, jina lake kandiru, aingiaye katika matamvua ya samaki wakubwa na kunywa damu yao. Yuko mwingine mkubwa, mwenye rangi ya dhahabu, ambaye huzaliwa chini ya milima ya Andes, hupelekwa na maji mpaka karibu na bahari, na akikua hurudi kule alikozaliwa ili azae. Safari yake yote, kwenda na kurudi, hupita kilometa 11,000. Hakuna samaki mwingine wa maji baridi ajulikanaye kusafiri hivyo.

Lakini Afrika nayo haikosi vya kujivunia. Katika mto Nile kuna samaki wa ukoo huu mwenye umeme mwilini, ambaye Wamisri wa kale walimchora katika makaburi yao. Katika mito ya Kongo kuna jamaa ya okoko ambaye huogelea tumbo likiwa juu. Na katika Ziwa Tanganyika kuna mwingine mwenye hila ya ndege kekeo: hutaga mayai yake kati ya mayai ya samaki walelao watoto kinywani, yule mama mgeni huyaokota, na vifaranga vya huyu mlaghai huanguliwa mapema na kuwala wenye nyumba.

SAFARI ZA MVUA NDEFU

Mto Nzoia nao ulikuwa na safari zake. Whitehead, niliyemtaja juu, alichapisha mwaka 1959 habari za samaki wa Ziwa Viktoria wapandao mitoni wakati wa mvua ili kuzaa. Kambare, sire na hasa ningu waliingia mdomo wa Nzoia kwa makundi, wakapanda kuyatafuta maji ya mafuriko. Watu wa kando ya mto walijua siku zao. Walijenga nyua za miti na matete, wakatega migono, wakapata kitoweo cha nyumba nyingi; na samaki wengine walipita juu, wakazaa, mwaka wa pili wakarudi.

Kisha nyavu za makila zikazidi ziwani, na nyingi zilitegwa karibu na midomo ya mito, mahali pale pale ambapo samaki wenye mayai walikusanyika kungoja mvua. Mwaka 1965 D. A. Cadwalladr alieleza jinsi uvuvi wa ningu ulivyoporomoka, na jinsi njia za kale za kuvua katika Nzoia zilivyoanza kufa pamoja nao. Mtu hawezi kutega mgono kumngoja mgeni asiyekuja.

Ziwani kwenyewe mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi. Katika miaka ya 1950 mbuta alitiwa katika Ziwa Viktoria, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila mahali. Mbuta ameleta fedha nyingi, hilo halikatailiki. Lakini amekula samaki wa asili wasiohesabika. Kulikuwa na ndugu mdogo wa kambare aliyeishi kwenye vilindi vya ziwa hili tu, aitwaye Xenoclarias. Miaka mingi imepita bila yeye kuonekana, na wataalamu wanahofu kuwa amekwisha. Gugumaji nalo, lililofunga ghuba za ziwa hilo tangu mwisho wa miaka ya 1980, asili yake ni huko huko Amazon. Mtu alilipenda kwa maua yake akalileta.

Hapa pana onyo. Wale samaki wa Amerika waliovikwa mabamba huuzwa mijini ili wafugwe katika masanduku ya kioo. Mahali pengi, kama vile Meksiko, Florida, Bangladeshi na Afrika ya Kusini, wenye kuwafuga walichoka nao wakawatupa mitoni. Sasa wamejaa. Huchimba mashimo marefu katika kingo ili watage humo, na kingo hubomoka. Aliye na samaki wa namna hii Nairobi, Kisumu au Kitale asimtupe mtoni kwa kumhurumia. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

MABWAWA YA WAKULIMA

Tangu mwaka 2009 habari ya samaki imewakaribia wakulima wa Kenya kwa njia nyingine. Mwaka huo serikali ilianza mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa likiwa la mita za mraba 300. Chwele pana shamba la samaki ambako vifaranga huzalishwa kwa ajili ya wakulima. Mabwawa mengine yalifaulu, mengine yalikauka au yakaachwa yakaota magugu.

Anayetaka kufuga kambare yafaa ajue tabia zake. Kwanza, kambare hazai kwa urahisi bwawani, kwa kuwa hangoji maji tu bali hungoja mafuriko. Katika kituo cha vifaranga jike huchomwa sindano ya homoni, au ya dawa itokanayo na tezi iliyo chini ya ubongo wa samaki mwingine, ndipo mayai yake hukomaa na kukamuliwa. Dume kwa kawaida huuawa ili shahawa zake zipatikane, maana hazikamuliki. Pili, vifaranga hulana. Wakubwa wasipotengwa na wadogo kila mara, mkulima atahesabu elfu na kuvuna mia. Tatu, ukingo wa bwawa lazima uinuke, na mifereji iwekwe wavu, au usiku wa mvua mali itatembea yenyewe na kuondoka. Kambare wachache wakitiwa pamoja na ngege huwa na faida, kwa kuwa hula vifaranga vya ngege vinavyozidi, nao ngege waliobaki hunenepa. Tena vifaranga vya kambare vina soko kwa wavuvi wa mbuta, ambao huvitumia kuwa chambo katika mishipi yao mirefu.

UDONGO NA MAWE

Sasa nalijibu lile swali la faida ya wale wadogo wasioshibisha.

Samaki wa mawe huishi kwa nafasi zilizo kati ya jiwe na jiwe. Humo ndimo wadudu wanaowalisha hukaa, na humo samaki hujificha. Shamba likilimwa mpaka ukingoni mwa mto, bila matuta na bila nyasi, mvua ya kwanza huchukua udongo wa juu na kuutia majini. Udongo huo hujaza nafasi zile kama sementi. Wadudu hufa, na samaki hukosa chakula na makao. Kambare mkubwa hustahimili, maana yeye hupenda tope na huvuta hewa; lakini Amphilius na Chiloglanis hawana mahali pa kukimbilia. Kwa hiyo mto wenye samaki hao ni mto ambao mashamba yake bado yameshika udongo wake. Mto uliowapoteza unamwambia mkulima kuwa mbolea aliyoinunua kwa fedha nyingi inakwenda Ziwa Viktoria bila nauli.

Na si mbolea tu. Udongo utokao Elgon hufika chini katika nchi tambarare ya Bunyala, hujaza mkondo wa Nzoia, na mto ukikosa kina hupanda juu ya kingo na kuingia nyumbani mwa watu. Mkulima wa Chwele na mkulima wa Bunyala hawajuani kwa sura, lakini maji huwajulisha kila mwaka.

Dawa yake si ngeni. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 ziliweka ukanda kando ya mto usiopungua mita 6 wala kuzidi 30, ambao haufai kulimwa. Ukanda huo si hasara. Nyasi za nepia zikipandwa humo hushika udongo na kulisha ng'ombe. Mianzi na miti ya asili huupa mto kivuli, na samaki wa maji baridi hukipenda. Mikaratusi isipandwe hapo, maana hunywa maji mengi. Mteremko wa shamba ulimwe kwa kukingama, si kwa kushuka, na ng'ombe wapewe mahali pamoja pa kunywea badala ya kuukanyaga ukingo wote. Walimu nao wanaweza kuwapeleka wanafunzi mtoni siku ya kiangazi, wageuze mawe machache kwa upole, wahesabu samaki na wadudu walioko, wayarudishe mawe kama yalivyokuwa, na kuandika hesabu katika daftari. Mwaka wa pili wahesabu tena mahali pale pale. Baada ya miaka mitano shule hiyo itaijua hali ya mto wake kuliko mtu yeyote, na wazee wa kijiji watakuwa na la kusema watakapokutana kuzungumza juu ya kingo, mashamba na maji.